Vivuko vya getini vinaziba mitaro

Mhariri,

Huku Goba na Mbezi, masika yakianza barabara za mitaa hugeuka mito, na chanzo kikubwa kiko getini mwetu. Mtu akijenga kivuko cha gari juu ya mtaro, hulaza bomba la inchi 6 kwa kuwa ni bei nafuu. Chupa chache za maji na mchanga kidogo vinatosha kuliziba. Maji yanapanda barabarani, yanakula kifusi, shimo linazaliwa.

Tulaze karavati, yaani bomba pana la zege, la inchi 24, tumbo lake (sehemu ya chini kwa ndani) liwe sawa na sakafu ya mtaro. Likiinuliwa kidogo tu, tope hutuama. Bora zaidi ni slebu (mabamba ya zege) fupifupi zinazonyanyuka, watu wawili wazibue bila kuvunja zege. Na mchanga tunaozoa, jamani, tusiuache ukingoni! Mvua ya kwanza huurudisha mtaroni. Serikali za mitaa zikague vivuko hivi kabla ya Machi.

Mkazi wa Goba, Dar es Salaam