Mpelekeeni na Maswali: Barua kwa Wenye Ndugu Gerezani

Wanangu, ninyi ambao mume, mama, kaka au mtoto wenu yuko ndani,

Mimi ni askari magereza mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita langoni na kwenye chumba cha kuonana, na kuna jambo nililoliona huko ambalo haliniachi. Mwezi wa kwanza ukoo mzima huja. Wanakodi hata basi dogo, wanalia, wanaahidi wakili. Mwaka wa pili anakuja mama peke yake, naye akiugua haji mtu. Huku nje watu wameshazoea kuishi bila yeye.

Nawasihi, mwacheni abaki na sauti nyumbani kwake. Sabuni, mswaki, kandambili, pedi kwa wanawake, pelekeni, vinahitajika sana. Lakini mpelekeeni na maswali. Binti aende shule ipi? Shamba tulikodishe au tulilime wenyewe? Posa ya mdogo wake tuijibuje? Nilimjua mfungwa aliyekuwa hali wala hasemi na mtu. Siku mkewe alipomuuliza mahindi wayauze sasa au wasubiri bei ipande, aliondoka chumbani mle akipiga hesabu kwa vidole, na jioni akala. Alikuwa ameulizwa kama baba.

Msiba msimfiche. Atausikia kwa mahabusu mpya kutoka mtaa wenu, na tangu siku hiyo hatawaamini hata mkimwambia wote wazima. Watoto nao msiwaambie baba amesafiri. Shuleni yupo mwenzao atakayewaambia kwa dhihaka, na aibu hiyo huwakaa muda mrefu. Waambieni ninyi, kwa kadiri ya umri wao.

Najua nauli haipatikani kila mara. Basi andikeni. Barua husomwa na maofisa kabla ya kumfikia, kwa hiyo mambo ya kesi mwachieni wakili; ninyi mwandikieni habari za mvua, za ng'ombe aliyezaa, za matokeo ya darasa la saba. Ukurasa mmoja kila mwezi unamfaa kuliko bahasha nene mara moja kwa mwaka. Namba yake ya mfungwa iandikeni mahali nyumbani, pamoja na jina lake kama lilivyo kwenye hati ya kifungo. Anaweza kuhamishwa kutoka Dar es Salaam hadi gereza la kilimo kama Idete, kule Kilombero, nanyi mkifika mkaambiwa hayupo. Msirudi nyumbani mkidhani amepotea. Ulizeni amehamishiwa wapi, kumbukumbu zipo.

Kwa rufaa hapa Tanzania, msikae mkingoja hasira zipoe. Aliyehukumiwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi anatakiwa kutoa kusudio la rufaa, yaani taarifa kwamba anataka kukata rufaa, ndani ya siku 10, na kuwasilisha sababu za rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45, ukiondoa muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Anaweza kuzipitisha kwa mkuu wa gereza. Asiye na fedha ya wakili aulizie msaada wa kisheria. Sheria yake ipo tangu 2017.

Mtu akiwapigia simu kwamba jina la ndugu yenu litaingia kwenye msamaha wa Rais mkimtumia pesa kwanza, kateni simu. Misamaha ya sikukuu za Muungano, 26 Aprili, na Uhuru, 9 Desemba, haiuzwi. Na ndugu yenu msimwahidi kwamba safari hii yumo. Nimewaona waliovunjika moyo jioni ya sikukuu kwa ahadi za namna hiyo.

Jambo la uhakika zaidi ni punguzo la theluthi moja kwa tabia njema, kwa wafungwa wengi wenye kifungo cha muda maalumu. Wa miaka 3 hutoka baada ya 2. Kwa hiyo ulizeni ofisi ya gereza tarehe yake mapema, fikeni langoni asubuhi na nguo zake, na awepo mtu mmoja anayempenda bila lawama. Kikao cha ukoo kinaweza kusubiri wiki. Kitanda na kazi ya kuanzia, hata ya kibarua, viwe tayari kabla hajafika.

Mzee wenu,
askari magereza mstaafu