Kwa vijana wa jumuiya ya protini, kabla hamjachonga mhuri

Wanangu, assalaam alaykum.

Rasimu ya katiba mliyoniletea, ya jumuiya mnayotaka kuiunda ya watafiti wa protini, nimeisoma mara mbili. Kurasa 11, na 9 kati ya hizo ni za mwenyekiti, makamu, katibu, mshika fedha na nani atamwondoa nani. Utafiti wenyewe umepata aya moja. Makao makuu nayo mmeshayagombania, Unguja au Mombasa, na hata kiti cha kukalia hamna. Mimi si profesa, ni fundi sanifu wa maabara mstaafu, lakini maadam mmeniita mlezi wenu, nivumilieni.

Wamarekani waliunda Protein Society mwaka 1986. Miaka 15 kabla yake, 1971, ilikwishaanza Protein Data Bank, hazina ya maumbo ya protini. Ilianza na maumbo 7 tu. Mie naiona kama upatu: aliyefanikiwa kulijua umbo la protini analitia humo, ila hapa hakuna zamu, wote wanachota siku hiyo hiyo. Leo yamepita 200,000. Upatu huo ndio uliosomesha AlphaFold, programu inayokisia umbo la protini kutokana na mfuatano wa asidi amino zake, yaani vile vipande vidogo vinavyoiunda, mpaka Demis Hassabis na John Jumper wakapewa Nobel ya Kemia 2024 pamoja na David Baker. Wasingetia wale wa mwanzo, kompyuta ingejifunza nini?

Japani waliunda yao 2001, na wenzao wa Asia na Pasifiki wanakutana chini ya Asia Pacific Protein Association. Lakini msiende mbali. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari, ipo tangu 1993, makao yake hapa hapa Unguja, na wanachama wake wametapakaa mwambao wote huu na visiwa vyake. Haihusu protini. Nendeni mkapige hodi, muulize wamedumu vipi.

Nanyi mtatia nini? Mwaka 1954 Anthony Allison alionesha, kwa damu za watu wa Afrika Mashariki, kwamba mwenye jeni moja ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Mwaka 1957 Vernon Ingram akaonesha kwamba hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ya mwenye selimundu inapishana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu. Damu zetu zimo katika hadithi hiyo, majina yetu hayamo.

Sasa tazameni kile kipimo cha malaria cha kutoboa kidole. Vingi vinatafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2. Kimelea kilichopoteza jeni yake kinapita bila kuonekana, na Eritrea vimelea vya namna hiyo vilizidi hata ikabidi wabadilishe vipimo. Kwetu malaria imepungua sana, kwa hiyo kila mgonjwa anayepita kimyakimya ni hasara kubwa. Hilo ni swali la kuwaunganisha Unguja, maabara ya Wawi kule Pemba, na wenzenu wa Mombasa na Tanga. Anzeni nalo hilo moja.

Na friza! Umeme wa Unguja ulikatika Desemba 2009, ukarudi Machi 2010. Maabara niliyokuwepo, sitaitaja, ilikuwa na jenereta nzima kabisa. Dizeli iliisha usiku, mwenye idhini ya kununua yuko safarini, na sisi wengine tukabaki kutazamana. Seramu, yale majimaji ya damu tuliyoyahifadhi miaka minne, zikaoza. Nilizimwaga mwenyewe, na harufu ile sijaisahau. Kompyuta itawapa umbo la protini bure, lakini protini yenyewe, mkishaitenga kwa jasho lenu, inataka baridi. Basi katika hizo kurasa 9 futeni makamu mmoja, muandike badala yake nani ana ufunguo wa stoo ya mafuta saa nane za usiku.

Madaftari yangu ya maabara nimeyafunga kwenye kasha, yapo 23, mengine yameliwa na mchwa pembeni. Njooni baada ya alasiri, nipo barazani. Mje na gari, mazito.

Mzee wenu,
Ng'ambo, Unguja