Hawakuniuliza, sasa wanataka hati ya nyumba yangu

Anti, shikamoo.

Ni saa tisa usiku, upepo wa hapa kwetu Dodoma unagonga bati na mimi nahesabu siku za kufika Jumanne. Utaniwia radhi nikirukaruka.

Mdogo wangu yuko Isanga, mahabusu, hii wiki ya tatu. Shtaka lake ni kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, shilingi 24,000,000, pesa aliyopewa na mfanyabiashara amnunulie mahindi Kibaigwa. Mahindi hayakutimia. Sikuandikii nimtetee, anajulikana. Nakuandikia kwa sababu alipokamatwa ndugu walikaa kikao, wakachanga, wakatafuta wakili, na mimi mwenye stationery jirani na mahakama, mwaka wa kumi na moja huu, ninayechapa na kutoa kopi makaratasi ya kesi kutwa nzima, hawakuniuliza. Hata simu ya kusema "dada, unamjua nani?" sikupigiwa.

Wakampata mtu wa suti nje ya geti, yule anayekufuata na kukuuliza "mna kesi gani?" kabla hujamsalimia. Akawatajia 1,800,000: milioni yake, laki nane "ya kumwona hakimu". Anti, si wangeshtukia hapo hapo? Mahakamani hakuna ada ya kumwona hakimu. Hiyo ni rushwa, na TAKUKURU simu yao ni 113, bure. Risiti nilikuja kuonyeshwa baadaye: karatasi ya kitabu cha dukani, "huduma ya kisheria", haina muhuri, haina jina la ofisi, haina namba ya uwakili. Kila wakili ana namba yake kwenye orodha ya mawakili, na leseni anahuisha kila mwaka. Nikaingia e-Wakili, mfumo wa Mahakama, kwa simu hii hii ninayokuandikia, nikaandika majina yake mawili. Hayupo. Ni kishoka, wakili bandia. Ilinichukua dakika mbili.

Pesa haijaniuma sana (imeniuma, laki mbili mle zilikuwa za mama za kuuza kuku). Kilichoniuma ni kwamba alimfundisha mdogo wangu akisomewa shtaka aseme "ni kweli", eti kesi iishe haraka, atapigwa faini arudi nyumbani. Kosa lile kifungo chake kinafika miaka saba! Na ukishakiri mwenyewe mbele ya hakimu ukatiwa hatiani, kwa kawaida rufaa inabaki kulalamikia adhabu tu, hatia yenyewe umeshaimeza. Mungu alisaidia, siku ile kishoka hakutokea, kijana akaogopa, akasema si kweli.

Hati ya mashtaka nimeisoma mpaka nimeikariri. Ina vipande viwili. Cha juu ni kosa na kifungu chake, na watu wakishasoma hicho huanza kulia. Mimi huwaambia wateja washuke chini kwenye maelezo ya kosa: tarehe, mahali, kiasi, nani katendewa, na alitendewa vipi. Cha mdogo wangu kinasema kwa nia ya kulaghai alimwaminisha mlalamikaji kwamba atamnunulia mahindi "huku akijua si kweli". Hayo maneno ya "huku akijua" Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inatakiwa iyathibitishe. Sasa yupo mtu anayejua hatanunua mahindi akapeleka gunia 90 za kwanza? Makubaliano yao yameandikwa, ujumbe wa simu upo, dereva wa fuso yupo. Kwa macho yangu hilo linanukia madai kuliko jinai. Lakini kule kituo cha polisi mdogo wangu alisaini maelezo ya onyo, yale mtuhumiwa anayoandikwa akihojiwa, bila kuyasoma, wala hakuomba ndugu au wakili awepo, na ni haki yake, kwa hiyo humo sijui kajimaliza kiasi gani.

Na kinachokuja ni usikilizwaji wa awali. Atasomewa maelezo ya kesi na kuulizwa kipi anakubali, kipi anakataa. Atakachokubali akakisaini hakitafutiwi shahidi tena, kinahesabika kimethibitika. Ndiyo maana nilipiga kelele wakili apatikane kabla ya siku hiyo, si baada ya mashahidi watatu kupita. Wakasema najifanya hakimu.

Wakili wa kweli nimemtafuta mwenyewe. Niliuliza watu watatu wanaoshinda mahakamani, kila mmoja kwa wakati wake, swali moja tu: nani wa kesi za jinai anayekuja mwenyewe hata siku ya kutajwa, hatumi udhuru? Wawili wakataja jina moja. e-Wakili yumo, leseni hai. Nikamuuliza kama amewahi kumfanyia kazi mlalamikaji, akasema hapana. Ada yake 2,500,000 kwa awamu tatu, kwa maandishi, mpaka hukumu, rufaa haimo. Ndugu wanasema ni ghali. Kishoka hakuwa ghali! Wasaidizi wa kisheria nao nimekwenda, wametusikiliza vizuri na bure, lakini wao hawaruhusiwi kusimama mahakamani kumwakilisha mtu.

Sasa dhamana. Dhamana yenyewe haiuzwi, ila kwa vile kiasi kinazidi milioni 10, sharti ni kuweka nusu, yaani 12,000,000, taslimu au mali, na inayobaki kwa bondi, ahadi ya maandishi ya kulipa akiruka tarehe. Taslimu hakuna. Mwenye hati kwenye ukoo wetu ni mimi peke yangu, nyumba ya Nkuhungu. Hapo ndipo waliponikumbuka. Kwenye wakili hawakuniuliza, kwenye nyumba wamenipigia watu sita siku moja. Na mama, Anti, mama yangu mzazi, amenitamkia: "Wewe ndiye unayemfunga mwanangu."

Mimi si mchoyo. Nilishamdhamini huyu huyu kwa kesi nyingine, akaruka tarehe mbili, nikaitwa mimi kujieleza kwa nini nisilipe bondi. Nilisimama nikatetemeka mbele ya watu ambao kesho yake walikuja dukani kwangu kutoa kopi. Nikasema simdhamini tena maisha yangu, na sijabadilika.

Jana nimempeleka mthamini akaangalie nyumba.

Sijui nimefanyaje. Mume wangu yuko safarini kikazi, hajui. Hati ina jina langu peke yangu, lakini tumeijenga wote na tunaishi humo na watoto. Wakili kaniambia nisithubutu kuipeleka bila ridhaa ya mume kwa maandishi, kwa kuwa ni nyumba ya ndoa. Mtu mwingine, simtaji, kasema jina likiwa moja inapita tu, nani atauliza? Na mimi ninayewacheka ndugu zangu kwa kumsikiliza mtu wa nje ya geti, nimemsikiliza huyo usiku kucha.

Nimwambie mume? Akisema hapana, nitamtii? Au nimwache mdogo wangu Isanga hadi kesi iishe, nilipie wakili tu, mama aseme anavyosema? Usiniambie nikae na ndugu tuzungumze. Nimechoka nao. Ingawa kaka mkubwa akinipigia leo na kusema tu "tulikosea, tungekuuliza", nadhani ningekwenda.

Kesi inatajwa Jumanne saa tatu. Barua ya serikali ya mtaa ninayo, kitambulisho cha NIDA ninacho, picha ninazo, hati iko chini ya godoro. Ukinijibu naomba uondoe Nkuhungu na uondoe habari ya stationery. Mume wangu anarudi Jumapili, na safu yako huwa anaisoma kabla yangu.