Vitabu vya hadithi vifike hata wodini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo halijaniondoka moyoni tangu mwaka jana, mama yangu alipoanguka uani, akavunjika mfupa wa paja na kulazwa hospitalini kwa wiki saba.

Mama alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kijijini kwetu wilayani Kwimba darasa likawa chini ya mwembe, jioni, watu wakitoka shambani. Kitabu cha kwanza alichokishika kilihusu kilimo bora cha pamba, kwa kuwa katika mikoa ya Ziwa vitabu hivyo viliandikwa kwa kufuata kazi za watu: wakulima wa pamba na wa ndizi walikuwa na vyao, wavuvi vyao na wafugaji vyao. Kiliitwa kisomo chenye manufaa, na manufaa yenyewe niliyaona kwa macho yangu, maana baada ya misimu miwili mama hakumwomba tena mtu amsomee stakabadhi ya mizani. Lakini nakumbuka pia, nikiwa na umri wa miaka sita hivi, nikiamka usiku na kumkuta kando ya kibatari, kidole kikifuata mstari, midomo ikitembea bila sauti, juu ya kijitabu cha hadithi alichoazima kwa mwalimu wake. Baba alikuwa amefariki mwaka huo. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anatafuta nini katika kile kijitabu, hadi aliponiambia mwenyewe akiwa kitandani mwaka jana: "Usiku ulikuwa mrefu, mwanangu. Hadithi ndiyo iliyoufupisha."

Sasa macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo msomaji nikawa mimi. Nilichukua riwaya ya zamani iliyokwisha kupoteza jalada, ambayo mgongo wake niliushona kwa uzi wa magunia, na siku ya kwanza nilisoma kwa sauti ya chini nikihofia kuwasumbua wagonjwa wengine. Siku ya pili mama muuza dagaa wa kitanda cha jirani, aliyefungwa hogo tangu wayo hadi gotini, akasema, "Mwalimu, ongeza sauti, na sisi tumo." Tangu hapo, kila saa ya kuwaona wagonjwa ilipokaribia kwisha, walinisubiri. Walibishana kama binti wa kwenye hadithi alifanya vyema kumkatalia baba yake mdogo, na mabishano yale yaliendelea hata nilipokuwa nimeondoka, kwa maana kesho yake nilikuta pande mbili zimekwisha kujipanga zikinisubiri niamue. Maumivu hayakupungua kwa kusomewa, na sitaki kumdanganya mtu kwamba kitabu kinaunga mfupa. Kilichotokea ni kwamba watu sita waliokuwa wakihesabu matone ya dripu na zamu za wauguzi walipata kitu cha kukingojea jioni.

Jioni moja mzee mmoja aliyekuja kumtazama dada yake alisikiliza hadi mwisho wa sura, kisha akasimama pembeni ya dirisha na kulighani kwa kichwa shairi la maombolezo ambalo Shaaban Robert alimtungia mkewe Amina baada ya kufiwa naye. Alisema alilishika shuleni akiwa kijana asiyejua kufiwa ni nini, na kwamba alilielewa siku alipotoka kumzika wake. Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, nikiwauliza wanafunzi vina, mizani na dhamira ya mtunzi, na nakiri kwamba hakuna somo la ushairi nililowahi kulisikia likitua namna ile.

Ndugu Mhariri, hapo ndipo penye hoja yangu. Siku hizi mtu akisema anakwenda kujisomea, sote tunaelewa kwamba ana mtihani. Neno zuri lililomaanisha mtu kusoma kwa hiari yake, kwa ajili ya nafsi yake, limegeuka jina la kukariri madondoo. Ingia maktaba utawakuta vijana wameinamia madaftari yao wenyewe, huku vitabu vya hadithi rafuni havijaguswa. Na mtihani ukipita, kitabu huuzwa au hufungiwa vitumbua. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, wakati ambapo watu wazima wengi hawakujua kusoma kabisa. Waliothubutu kujenga maktaba kwa ajili ya wasomaji ambao walikuwa bado hawajapatikana waliona mbali kuliko sisi, tuliowapata wasomaji kisha tukawaachia vitabu vya kiada peke yake.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Kamati za hospitali ziruhusu rafu moja ya vitabu vya Kiswahili katika kila wodi ya wanaolazwa muda mrefu, hasa wodi za mifupa na zile wanazosubiri akina mama wajawazito wanaotoka mbali. Maktaba za mikoa zipeleke huko vitabu vya hadithi na mashairi ambavyo haviazimwi. Na wewe mwenyewe, Mhariri, ulirudishe lile desturi la magazeti yetu la kuchapa hadithi ya mfululizo kila wiki, kwa sababu gazeti hufika kwenye kinyozi, kwenye foleni ya zahanati na kwenye kibanda cha mlinzi wa usiku, mahali ambapo kitabu bado hakijafika.

Yule muuza dagaa aliruhusiwa kurudi nyumbani tukiwa tumebakiza sura mbili. Wakati mwanawe yuko dirishani akilipia matibabu, yeye aliketi kwenye benchi la korido, magongo yamelala miguuni, akanitumia mgonjwa mwenzake kuniita nimmalizie. Nilimsomea zote mbili pale pale, yapata saa nzima, na mwanawe aliporudi na risiti mkononi alikaa naye akasikiliza. Mama alipotoka nilikiacha kitabu wodini pamoja na daftari la kuandikia namba ya kitanda cha anayekiazima. Mwezi uliopita nilipita kuwasalimu wauguzi nikalifungua lile daftari: lilikuwa na namba za vitanda kumi na vinne, na kitabu hakikuwapo mezani kwa kuwa kilikuwa kinasomwa.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Mwanza