Kabla hujashika msumeno

Mtwapa, Jumapili jioni

Sahibu yangu Omari,

Salaam aleikum. Huku tu wazima, na mama anakusalimu sana. Nimesikia unaing'oa dashibodi ya boti ya marehemu baba yako. Yangu nimeimaliza wiki iliyopita, ndiyo maana nakuandikia upesi.

Ubao wa zamani usiutupe. Hata ukiwa umeoza, umbo lote limo humo. Mimi niliulaza juu ya kadibodi, nikauchora, nikaijaribu kadibodi mahali pake mara tatu ndipo nikagusa plaiwudi. Nunua ile ya baharini, ya milimita 12. Ya makabati ikilowa huachana tabaka kama chapati.

Ninalotaka ulishike zaidi ni matundu. Nilipougeuza ule ubao wangu mbovu, katikati ulikuwa mzima. Uozo wote ulizunguka matundu ya geji na swichi. Aliyeyatoboa hakuziba kingo, maji ya chumvi yakawa yanapenya nyuma ya geji na mbao inayanywa miaka yote hiyo. Basi safari hii kila tundu, la milimita 85 la geji ya mzunguko wa injini, la 52 la mafuta, hata vitundu vya skrubu, nimelipaka epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu, mara tatu na kulipiga msasa kila inapokauka. Juu yake ni lazima rangi, maana epoksi haistahimili jua. Nimetumia kijivu isiyong'aa. Nyeupe ingekupiga machoni saa nane mchana, na nyeusi huwa moto haishikiki.

Nyaya zipige picha, kila mmoja uufunge kikaratasi kabla ya kuchomoa. Usimwulize mtu rangi: kwenye injini ya Yamaha waya wa geji ya mzunguko ni wa kijani, kwenye ya Mercury ni wa kijivu, na boti ya umri ule imeshapita mikononi mwa mafundi wengi. Pima kwa mita ya umeme. Dira nayo iweke mbali na spika ya redio, sumaku yake huipoteza.

Na ile alama aliyoichonga baba yako karibu na usukani, ikate pamoja na kipande chake cha ubao, hata kama ni ukubwa wa kiganja, uje nacho. Nitakikausha taratibu kivulini, nikinyweshe epoksi, tukipachike kwenye dashibodi mpya palepale kilipokuwa. Epoksi imebaki ya kutosha.

Wako,
Rashidi