Malalamiko kuhusu picha ya Tao la Septimius Severus

Morogoro,
12 Novemba 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

YAH: PICHA ILIYOUZWA KUWA CHAPA YA KALE ILIYOTIWA RANGI KWA MKONO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mmoja wa mahujaji mliotupeleka Roma mwezi Septemba kwa ajili ya Mwaka wa Jubilei. Kuhusu hija yenyewe sina neno. Mlitutunza vizuri, na Mlango Mtakatifu tuliupita kwa utulivu. Ninacholalamikia ni picha mlizotuuzia ndani ya basi jioni ya siku ya nne, kila moja kwa yuro 180.

Kiongozi wa msafara alitueleza kuwa ni chapa za mwaka 1780, zilizopigwa kutoka kwenye bamba la shaba, kisha zikatiwa rangi za maji kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kila picha ilikuja na cheti chenye nembo yenu. Niliamini, kwa sababu biashara hiyo ilikuwepo kweli. Wasafiri matajiri wa Ulaya waliokwenda kuona magofu ya Roma walikuwa hawana kamera, wakarudi makwao na michoro. Piranesi, mchoraji wa chapa wa Italia, aliwauzia mandhari zake kwa wino mweusi. Baadaye Mwitalia Giovanni Volpato na mwenzake, mchoraji Ducros kutoka Uswisi, wakachora kwenye shaba mistari hafifu tu, halafu rangi ikawekwa kwa brashi mpaka chapa ikaonekana kama mchoro wa rangi uliofanywa papo hapo.

Nilichagua Tao la Septimius Severus, lango la mawe la ushindi la kaizari wa Roma, na nilikuwa na sababu. Miaka yote ya kufundisha niliwaambia wanafunzi kwamba kaizari huyo alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo, na kwamba tao lake la mwaka 203 bado limesimama katikati ya Roma. Nilitaka picha hiyo itundikwe kwenye maktaba ya shule niliyofundisha, watoto waione.

Jirani yangu, ambaye tulisafiri pamoja, alinunua picha hiyohiyo. Tuliporudi aliileta kwangu tukazilaza mezani, yake na yangu. Kwenye kona ya kushoto kuna mchungaji wa mbuzi aliyevaa kizibao chekundu, na wekundu huo umevuka kidogo mstari wa bega, kana kwamba brashi iliteleza. Nilipoiona alama hiyo kule Roma niliifurahia sana, nikajisemea kwamba hapa pana mkono wa mtu. Basi, kwenye picha ya jirani wekundu umevuka bega lilelile, mahali palepale, kwa umbo lilelile. Mawingu nayo hayatofautiani hata kidogo. Mkono wa binadamu hauwezi kuteleza namna moja mara mbili.

Nikachukua kioo cha kukuzia. Anga yote ikageuka vitone vya buluu, waridi na njano vilivyopangwa kwa safu, kama picha ya kalenda. Rangi ya maji haina vitone. Huingia kwenye karatasi, na pengine hukolea ukingoni mahali maji yalipokaukia. Nikapitisha kidole pembezoni nikitafuta bonde dogo ambalo bamba la shaba huliacha linapokandamizwa kwenye karatasi. Halipo. Karatasi ni laini kutoka ukingo hadi ukingo.

Na mchoro wenyewe unaukana mwaka wa kwenye cheti. Tao limeonyeshwa wazi mpaka kwenye misingi yake. Mwaka 1780 sehemu yake ya chini ilikuwa bado imefukiwa, na mahali pale Warumi wenyewe walipaita Campo Vaccino, uwanja wa ng'ombe. Udongo ule ulikuja kuondolewa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa Papa Pius VII.

Nimewapigia simu mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa, "Mwalimu, picha ni picha." Mara ya pili niliambiwa nimtafute msambazaji wa Roma. Simjui mtu huyo. Fedha alipokea mfanyakazi wenu, stakabadhi ni yenu, na cheti ni chenu.

Nakala ya kisasa si kitu kibaya. Mngesema ni nakala na kuiuza kwa bei ya nakala, ningeinunua na kuipeleka shuleni bila manung'uniko. Kinachoniuma zaidi ni wenzangu waliochanga fedha za safari kwa muda mrefu. Mzee mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja aliacha kuwanunulia wajukuu rozari ili apate picha hiyo, kwa kuwa aliambiwa ni urithi.

Naomba mturudishie fedha zetu, mimi na jirani yangu, na muwaandikie mahujaji wote wa msafara ule mkiwaeleza walichouziwa ili anayetaka arudishiwe zake. Vyeti hivyo visitolewe tena kwa msafara mwingine. Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Yasipokuja nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Nimeambatisha vivuli vya stakabadhi na cheti. Picha zote mbili ziko kwangu, na mtu wenu anaweza kuja kuzitazama zikiwa pamoja siku yoyote baada ya saa nane mchana.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
hujaji wa msafara wa Septemba