Gunia moja la maharagwe halipasui slebu

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu zaidi ya miaka ishirini bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Ile taarifa yenu ya ghorofa lililoota nyufa huku kwetu Pipeline ndiyo imenitoa kimya. Mliandika kwamba "lilielemewa na mizigo ya wapangaji." Mizigo gani? Kwa mwandishi wenu, mzigo ni kile kitu mtu anachopandisha ngazi huku akihema.

Kwenye mjengo, nilikofanya kazi miaka 31, mzigo wa kwanza wa jengo ni jengo lenyewe. Zege mita moja ya ujazo ina karibu kilo 2,400. Slebu, yaani sakafu ya zege, ya unene wa sentimita 15 ina kilo 360 zake yenyewe kwa kila mita ya mraba, kabla hujaweka hata kigoda. Huo mainjinia huuita mzigo mfu. Watu, vitanda na magunia ni mzigo hai, na kwenye nyumba za kuishi huhesabiwa karibu kilo 150 kwa mita ya mraba. Basi chumba cha futi kumi kwa kumi, slebu ikiwa imemwagwa sawasawa, hubeba magunia kumi na tano ya kilo 90 yakitandazwa. Mimi nilikuwa na moja.

Moja, Mhariri! Landilodi wetu aliikata taarifa yenu, akaibandika kwenye ngazi, na chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu: MARUFUKU MAGUNIA. Keateka, mwangalizi wa jengo, akaja usiku, akasimama mlangoni akiyamulika kwa tochi maharagwe ya mamangu kutoka Embu kana kwamba amefumania mwizi. Na juu ya vichwa vyetu, kwenye orofa ya saba ambayo haikuwepo nilipohamia, landilodi huyo huyo amepandisha matangi mawili ya lita 10,000 kila moja. Lita ya maji ni kilo moja. Yakijaa ni tani ishirini, yaani magunia 222, yamesongamana kona moja juu ya nguzo zilizokusudiwa orofa tano. Ufa wa dari yangu sasa unameza ukingo wa sarafu ya shilingi kumi. Januari haukupitisha hata wembe. Jengo la ghorofa la Huruma, hapa Nairobi, lilipoanguka Aprili 2016 baada ya mvua kubwa, sikumsikia mtu akilaumu magodoro ya waliolala ndani. Nyinyi mmepata wa kulaumu. Matangi hamkuyataja.

Gunia ikabidi nilihamishie kwa dadangu Kayole. Makanga akatamka neno lenu lile lile: "Huo ni mzigo, mzee, lipia kiti." Nikalipia. Gunia likatupwa hapo katikati ya viti, na tulipofika Donholm akamkalisha mama mmoja juu ya maharagwe yangu, naye akatozwa nauli kamili. Sijui matatu hiyo ilihesabu mzigo mara ngapi.

Ombi langu ni dogo. Mtumeni mwandishi wenu hapa na mtungi wa lita ishirini, ayajaze yale matangi kutoka bombani chini. Ni safari elfu moja tu. Geti hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, na ngazi hazina taa.

Mpangaji, orofa ya sita,
Pipeline, Nairobi